Chule Kwenye Maharage ya Nestor

Jumatatu, 9 Januari 2017

Likizo imekwisha. Maabara inanuka dawa ya sakafu. Nimeosha chupa, nimepika chakula cha kuvu, nimekimimina kwenye sahani, nimezipanga kabatini. Profesa kaingia saa nne, kauliza kama kuvu yangu iko hai baada ya sikukuu. Iko hai. Iko hai kuliko mimi.

Jana Baba alipiga simu kutoka Muheza, akauliza tena nasoma nini hasa. Nikimweleza husahau, halafu huwaambia watu wa msikitini kwamba binti yake ni daktari wa maharage. Najaribu hapa, labda siku moja nitamwambia vizuri. Chule ni ugonjwa wa maharage unaoletwa na kuvu. Chembe ya kuvu ikitua juu ya jani bichi hujishikiza, huvimba, halafu husukuma mpaka itoboe ngozi ya jani. Kusukuma kunataka nguvu. Nguvu inataka pumzi. Kuvu nayo ina vimeng'enya vya kupumulia kama sisi. Dawa ya dukani hukifunga kimoja, kuvu ikakosa pumzi, ikafa nje ya jani. Ila kuna kimeng'enya kingine, njia ya nyuma. Mmea ukijitetea, au dawa ikiziba njia ya kwanza, kuvu hupumulia huko.

Kazi yangu ni hiyo njia ya nyuma. Nimeifuga chule juu ya dawa, kizazi baada ya kizazi, mpaka nikapata aina moja isiyojali dawa kabisa. Tunaiita Namba Saba. Profesa anaiita lulu.

Pazia la plastiki kwenye banda la vioo bado limechanika. Nilisema nitalishona kabla ya Krismasi. Sikulishona.

Jumatano, 11 Januari

Mvua ya mawe jioni. Mawe kama ndimu. Fordsburg nzima, huku ugenini ninakoishi, ilikuwa imejibanza chini ya vibaraza vya maduka, watu wanapiga picha, mwenye duka la vitambaa analia juu ya kioo cha gari lake.

Mama Espe katuma sauti. Alikuwa bustanini, kule ninakowasaidia kulima Jumamosi. "Binti yangu, mvua imekula byote. Maharagi iko chini, hakuna kintu imesimama. Ile ya Nestor tu, juu ya ukuta." Sikumjibu mpaka nimekunywa chai. Walipanda mwanzoni mwa Novemba, walikuwa wamebakiza wiki chache wavune.

Ijumaa, 13 Januari

Nimefanya jambo.

Kwenye banda la vioo kulikuwa na trei ya miche ya maharage, mirefu, mizuri, ile tunayoinyunyizia maji matupu ili tuilinganishe na ile iliyoambukizwa. Jaribio limekwisha. Kanuni inasema kila kinachoota humo kinapita kwenye mashine ya mvuke kabla hakijatoka, kizima na kigonjwa. Hakuna kitu kinachotoka kikiwa hai.

Nilisimama na ile trei mbele ya mashine. Nikawaza mabua yaliyolala kule bustanini Jeppestown. Miche hii haijaguswa na kuvu, nikajiambia. Ilikuwa upande wake, na mingine upande wake. Katikati kuna pazia.

Nikaitia kwenye mfuko wa sokoni, nikafunika kwa kanga. Mlinzi wa getini kaniambia "sharp, sisi", yaani safi, dada, nami nikamjibu "sharp".

Pazia limechanika. Nalijua hilo ninapoandika. Nililijua pale pia.

Jumamosi, 14 Januari

Tumepanda asubuhi nzima. Bustani iko nyuma ya kanisa la Wakongo. Zamani kanisa lenyewe lilikuwa karakana ya magari. Ukichimba sana unakuta nati. Mama Espe ndiye kiongozi wa bustani. Ni Mkongo wa Uvira, siku za wiki anasuka nywele mjini, Jumamosi analima. Mimi Mwislamu wa Tanga sina shughuli kanisani kwake, ila mwaka juzi alikuwa ananisuka, akanisikia nataja maharage, akasema njoo uone yetu. Tangu siku hiyo ananiita binti yangu.

Leo kashika mche mmoja, kaubusu jani. Nikageuza uso.

Miche yangu tumeipanda mbele ya maharage ya Nestor, kwa kuwa pale udongo umetulia. Nestor ni Mrundi, mlinzi wa jengo moja mjini, mtu mkimya. Yake yamejaa maganda mabichi, hayana hata jeraha, ukuta uliyakinga. Mbegu alizileta kutoka Ngozi, kwao Burundi, mwaka jana alipokwenda kumzika mama yake. Mama ndiye aliyekuwa akizichagua kila msimu, punje kwa punje, za zambarau zenye madoa meupe. Nestor kapanda zote, hakubakiza, anataka kwanza ziwe nyingi. Nikampa pole ya mama. Akasema, "Siku ukiyala haya utajua nimempoteza nani."

Nimerudi nyumbani nina furaha. Niandike ukweli: furaha kubwa. Nilijiona mtu mwema.

Jumamosi, 28 Januari

Wiki mbili za mvua. Baridi ya asubuhi, ukungu, majani hayakauki.

Niligeuza jani la mche mmoja nione chini. Mishipa yake imekuwa myekundu iliyokolea, kama damu iliyokauka. Nikageuza la pili. La tatu. Mstari wangu mzima. Ya Nestor bado safi.

Ugonjwa huu nautazama kila siku. Nautambua kama ninavyoutambua mwandiko wangu.

Mama Espe kauliza haya madoa ni nini. Nikasema ni maji yamezidi. Akasema, "Eh, wewe ndiye unajua," akaendelea kupalilia.

Sijui kwa nini nilisema vile. Najua kwa nini. Niliogopa.

Jumatatu, 30 Januari

Nimelishona pazia. Kwa uzi wa kuvulia samaki, mishono midogo midogo, kama mtu anayeshona sanda. Hakuna aliyeniuliza.

Chule ipo kila mahali nchi hii, nimejiambia siku nzima. Ipo mashambani, ipo kwenye mbegu za sokoni. Si lazima iwe yangu. Mvua kama hizi zingeileta hata bila mimi. Hoja nzuri. Mwanafunzi angeniletea hoja hiyo ningempa alama.

Jumatano, 1 Februari

Mama Espe kanunua dawa. Kanitumia picha ya chupa, anauliza kama inafaa. Inafaa. Ni jamii ileile ninayoitumia maabara, ile inayofunga njia ya kwanza ya pumzi. Nikamwandikia kipimo, nikamwambia avae glavu, apulize asubuhi kukiwa hakuna upepo.

Hili ndilo sikumwambia: kama ni chule ya kawaida, itakufa. Kama ni Namba Saba, itacheka.

Nimeswali isha nikaomba dawa ifanye kazi. Nilipomaliza nikagundua sikuwaombea wao. Nilijiombea mimi.

Jumamosi, 11 Februari

Sitaki kuandika ya leo. Naandika.

Dawa haikufanya kitu. Miche yangu imekauka nusu. Na sasa ugonjwa umefika kwa Nestor. Kwake unaonekana vibaya zaidi kwa sababu yake yana maganda: vidonda vya mviringo, vimebonyea, pembeni vyekundu, katikati vyeusi. Kwenye miche ni madoa tu chini ya jani. Asiyejua akitazama atasema ugonjwa umetoka ukutani.

Ndivyo walivyosema. Shemasi wa kanisa ndiye aliyeanza. Mbegu za watu wengine wote zilinunuliwa dukani hapa, zina muhuri. Za Nestor zimetoka Burundi ndani ya soksi. Akina mama wakaitikia. Mmoja akasema mbegu za matanga hazipandwi. Nestor alikuwa ametoka zamu, hajalala, amesimama na sare yake ya ulinzi.

Mama Espe akanyamazisha watu. Akasema yupo msomi hapa, aulizwe. Akanigeukia.

"Binti yangu, semea batu. Hii bugonjwa inaweza kuja ndani ya mbegu?"

Nikasema, "Inaweza."

Ni kweli. Imo vitabuni. Chule husafiri ndani ya mbegu. Sikusema uongo hata neno moja, na sijawahi kusema uongo mkubwa kama huo.

Nestor alinitazama mimi peke yangu. Akasema, "Basi. Mwenye kujua amesema." Hakungoja kuambiwa. Akaanza kung'oa mwenyewe, shina kwa shina, maganda na yote, akayarundika kwenye pipa la chuma. Shemasi akamwaga mafuta ya taa. Mabichi hayawaki vizuri; ulikuwa moshi mzito tu, wa kuwasha koo, ukaingia kanisani ambako kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, wakatoka nje wanakohoa.

Hakubakiza mbegu. Nililijua hilo. Alikwisha kuniambia.

Wakati wanatazama moto nilichuma majani mawili kutoka mstari wangu, nikayatia mfukoni. Hata pale nilikuwa nafikiria sahani.

Jumatatu, 13 Februari

Nimetoa kuvu kwenye yale majani. Nimeipanda kwenye sahani za aina tatu. Ya kwanza chakula kitupu. Ya pili chakula chenye dawa, njia ya kwanza imefungwa. Ya tatu nimefunga njia zote mbili. Kuvu ya kawaida itaota kwenye ya kwanza tu. Namba Saba itaota kwenye ya kwanza na ya pili.

Nimezificha nyuma ya kabati, chini ya jina la jaribio lingine. Sasa ni mtu wa kuficha vitu.

Ijumaa, 17 Februari

Sifungui kabati. Mpaka Jumatatu.

Mama Espe kapiga, sikupokea. Nimeandika niko kwenye mtihani. Sina mtihani.

Jumatatu, 20 Februari

Imeota kwenye ya pili. Nyeusi, imetandaa, kingo zimenyooka, rangi ya waridi katikati. Kwenye ya tatu hakuna kitu.

Nimeiweka kando ya Namba Saba yenyewe. Pacha.

Nilikaa kwenye kiti kirefu cha maabara nikaona aibu kwa namna ambayo sijawahi kuona, aibu ya mwili, kama nimelowa mbele za watu. Kisha nikafanya nini? Nikatia sahani zote kwenye mashine ya mvuke. Nikatazama mshale wa joto unapanda. Nikaenda kula.

Jumatano, 22 Februari

Wageni wa Profesa. Nimesimama mbele yao nikaeleza Namba Saba: jinsi inavyobadili pumzi ikibanwa, jinsi inavyotoboa jani lililojaa dawa. Mmoja akauliza kama kuna ushahidi kwamba inaweza kuambukiza nje ya maabara, penye mvua na upepo wa kweli.

Nilisema hatuna ushahidi huo bado.

Wakapiga makofi. Profesa kanishika bega. Nikaenda chooni nikanawa mikono, nikarudi kula keki.

Jumamosi, 25 Februari

Nimekwenda bustanini kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Nestor haji tena. Akina mama wanasema afadhali. Pale ukutani wamepanda lengalenga, ndivyo wanavyouita mchicha. Mama Espe hafurahi; anasema mtu akitoka zamu ya usiku akaja kulima badala ya kulala, huyo si mtu wa kufukuza. Kisha akasema, "Lakini wewe ulisema. Na siyo wewe wa kusema ovyo."

Ningeweza kusema pale. Tulikuwa wawili tu, tumekaa juu ya ndoo.

Nikihesabu ninachoogopa: kufukuzwa chuo. Kibali cha kuishi hapa kimeshikana na chuo. Kurudi Muheza na sanduku, Baba ananipokea stendi, hana swali, ananibebea mzigo. Hilo la mwisho ndilo linaloniumiza kuliko yote. Nalinganisha na pipa la Nestor. Bado nachagua langu. Ndivyo nilivyo.

Alhamisi, 2 Machi

Mama Espe kapiga mchana, sauti imechangamka kama zamani. Yale mabua machache karibu na tangi la maji, yaliyopigwa na mawe mwezi wa kwanza, yaliinuka tena na sasa yamekauka. Kayapukuchua. Kapata mbegu, si nyingi, lakini nzuri. Zina vidoa vidogo tu.

"Hii imeshinda bugonjwa, binti yangu. Iko na nguvu. Namutumia dada yangu kule Uvira. Kuna mutu anaondoka siku ya Mungu na basi."

Siku ya Mungu kwake ni Jumapili. Nikamwuliza kama zimekwisha fungwa. Zimefungwa, ziko ndani ya begi la huyo msafiri.

Vidoa vidogo. Chule haiui kila mmea. Mingine huiacha hai ili iibebe. Ikiwa ndani ya mbegu inalala, inasubiri mvua. Na hii ni ile isiyojali dawa. Uvira watu hawana mvua ya mawe wala keki za wageni. Wana maharage. Dada yake atapanda, atampa jirani, jirani atauza sokoni. Msimu wa pili hakuna atakayejua ilitoka wapi. Watasema ni mvua. Watasema ni mbegu za matanga.

Nilimwambia, "Mama, usizitume." Akauliza kwa nini. Nikasema nitakueleza Jumamosi, lakini leo zitoe kwenye begi, nakuomba. Akasema, "Sawa." Hakuniita binti yangu.

Ijumaa, 3 Machi

Nimemwambia Profesa.

Niligonga mlango kabla hajavua koti. Nikasema yote nimesimama. Trei, mfuko, pazia, majani, sahani, na kwamba niliwadanganya wageni. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, haikusogea. Nilidhani atapiga kelele. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Iko wapi sasa hivi?"

Nikamwambia. Akauliza nani mwingine kapanda, mbegu zimekwenda wapi, majani yaliyong'olewa yalipelekwa wapi. Akaandika. Alipomaliza akasema wataarifiwa kamati ya chuo na watu wa kilimo, leo hii, na kwamba Namba Saba inafungwa mpaka itakaposemwa vingine. Miaka miwili ya kazi yake na yangu.

Kisha akasema, "Ungekuja ile Januari ningekugombeza, tungekwenda kung'oa trei moja, tungerudi."

Hilo tu. Ningependa kelele.

Jumamosi, 4 Machi

Wamekuja wote. Profesa mwenyewe kaja na fundi wa maabara na mifuko minene ya plastiki. Kabla hawajashuka garini niliomba niseme mimi.

Nilisema kwa Kiswahili, polepole, wote waelewe. Kwamba ugonjwa ulitoka kwenye miche niliyoileta. Kwamba haikutakiwa kutoka. Kwamba dawa yenu haikushindwa kwa sababu ni mbovu, ilishindwa kwa sababu mimi niliifundisha kuvu hii kuishi na dawa, ndiyo kazi yangu. Kwamba mbegu za Nestor hazikuwa na kosa. Shemasi akatazama chini. Mama mmoja akaanza kucheka, cheko la mtu asiyeamini.

Mama Espe akauliza swali moja.

"Siku ile nilikuuliza, ulikuwa unajua?"

"Sikuwa na hakika, Mama."

"Sikukuuliza hakika."

Nikavaa glavu, nikaenda kwenye mstari wangu.

Tumeng'oa kila shina la maharage, na majani yaliyoanguka tumeyaokota kwa mkono. Mbegu za Uvira Mama Espe kazitoa mwenyewe kwenye kitambaa cha kanga, kazimwaga ndani ya mfuko wa plastiki mbele yangu, zikalia kama mvua kwenye bati. Profesa akawaeleza, nami nikatafsiri, kwamba wasipande maharage hapa misimu miwili au mitatu, na majembe na viatu lazima vioshwe. Mama Espe akauliza kama mchicha una hatari. Hauna. Kabichi? Haina. Akatikisa kichwa, kama mtu anayepokea kilichobaki msibani.

Wakati naondoka alisema, "Kwenda salama, mademoiselle." Hivyo ndivyo anavyowaita wateja.

Jumatano, 8 Machi

Nimekwenda kwa Nestor. Jengo lake liko katikati ya mji, chini wanauza mablanketi ya jumla, juu kuna ofisi. Nilisimama kwenye roboti, ndivyo wanavyoziita hapa taa za barabarani, ng'ambo ya barabara, taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena, watu wananipita. Mwishowe mama mmoja aliyebeba mahindi ya kuchoma akanisukuma na beseni lake nikavuka.

Alikuwa mlangoni, anasainisha wageni. Aliponiona alisimama wima kama anavyosimama kwa kila mtu. Nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kueleza vimeng'enya, njia ya kwanza, njia ya pili. Sikueleza. Nikasema, ugonjwa niliuleta mimi, mbegu zako zilikuwa safi, nilipoulizwa nilijificha nyuma ya neno.

Mtu mwenye mkoba akataka kuingia. Nestor akamsainisha, akamfungulia, akamtakia siku njema.

"Umewaambia wao?"

"Nimewaambia."

"Wote? Na shemasi?"

"Wote."

Akatazama barabarani. Nilidhani amemaliza. Akasema, "Nilipokuwa nang'oa nilikuwa namwomba mama msamaha. Kila shina. Namwambia, mama, kumbe ulinipa ugonjwa hukujua." Akafunga kitabu cha wageni. "Nilimsingizia mama yangu, dada. Kaburini."

Nikaanza kulia. Akaniambia nisilie pale, mwenye jengo ana kamera, atafikiri amenifanyia kitu. Nikafuta uso. Nikauliza kama kuna ndugu kule Ngozi mwenye mbegu hizo. Akasema mama alikuwa peke yake, shamba limeuzwa.

"Nenda," akasema. "Mimi niko kazini."

Alhamisi, 30 Machi

Kamati imekaa. Sikufukuzwa. Nimekatazwa banda la vioo na kazi yoyote na kuvu hai. Matokeo ya Namba Saba hayatatumika. Nikitaka shahada nianze upya kwa kazi ya makaratasi, chini ya Profesa, kama atanikubali. Kanikubali. Hakusema kwa nini, na uso wake haukuniruhusu kuuliza.

Fundi wa maabara sasa anakagua mikoba ya wanafunzi wote mlangoni. Wananitazama.

Nimempigia Baba, nikamweleza. Safari hii alielewa yote. Akauliza, "Huyo Mrundi anaendeleaje?" Hakuuliza habari ya shahada. Nililala mchana na viatu.

Jumamosi, 8 Aprili

Nimerudi bustanini kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyenialika, hakuna aliyenifukuza. Mama Espe alinielekeza kwa kidole palipo na ndoo. Nikamwagilia kabichi. Nimeosha viatu wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Hakuna aliyezungumza nami ila kuhusu maji.

Nilistahili. Tena ilikuwa nafuu kuliko nilivyostahili.

Jumamosi, 22 Aprili

Nestor kaja. Kumbe Mama Espe na shemasi walimfuata kwake wiki iliyopita, shemasi kapiga magoti. Wamemrudishia sehemu yake ukutani. Kaja na jembe lake, kaanza kulima kama mtu aliyeondoka jana.

Nikamwendea, "Shikamoo kaka Nestor." Hakujibu. Nikadhani hakusikia, nikarudia.

Akaegemea jembe. Hakuwa na hasira. Akasema, "Dada, usinisalimie kila ukiniona. Kila ukinisalimia unaniomba kitu. Sina cha kukupa sasa. Siku nikiwa nacho nitakusalimia mimi."

Nikasema sawa.

Nimetembea mpaka Fordsburg kwa miguu. Ni mbali. Njia nzima nilikuwa najitetea kichwani, halafu nikachoka kujitetea, nikawa natembea tu. Ni kweli alichosema. Salamu zangu zote tangu Machi zilikuwa mkono ulionyooshwa.

Jumamosi, 6 Mei

Baridi imeingia. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, udongo mgumu juu, laini chini. Tumepanda vitunguu saumu, maana vinapenda baridi. Mama Espe kagawa vipande, kila mtu mstari wake. Wangu umeangukia karibu na ukuta, mita chache kutoka kwa Nestor.

Sikumsalimia. Yeye pia hakunisalimia. Alikuwa anapuliza vidole vyake, halafu anachimba, halafu anapuliza tena. Nilipanda mstari wangu, ncha juu, mzizi chini, nikafukia, nikasogea. Kanisani kwaya ilikuwa inarudia ubeti mmoja, wanakosea palepale, wanaanza tena.

Saa sita jua likafika ukutani. Mama Espe kaleta uji kwenye birika, kamimina kwa kila mtu kwa zamu, na kwangu pia, kikombe kimejaa. Tulikunywa tumesimama, migongo ukutani palipokuwa na joto, kila mmoja anatazama alichopanda. Uji ulikuwa wa moto sana. Nikaosha vikombe.